Siku ya Kumpima Bosi

Tangu kulipokucha Fundi Cheche alikuwa anatafuta nati zake. Alitazama chini ya meza, nyuma ya mtungi wa gesi, hata ndani ya buti alilolivaa. Kopo la kuziwekea lilikuwepo mahali pake, ila tupu. Na geti la watu limelala uani linasubiri kufungwa bawaba.

"Panya wa siku hizi wanatafuna chuma," alinung'unika. Akanawa mikono, akavaa shati lake la kutokea mbele za watu. Geti litangoja. Leo Bosi anapimwa.

Bosi ni binti yake, hajatimiza hata miaka mitatu, na jina hilo kalipata kihalali. Hakuna aliyewahi kumwamuru kitu akakifanya, hasa kula. Mama yake alipoondoka kwenda kufanya kazi mbali, alimwacha na mashavu ya kufinya. Miezi haikwenda mingi, mashavu nayo yakaondoka, utadhani yamemfuata mama. Mtoto kabaki macho na kelele.

Hapo ndipo mama mdogo wa Bosi alipokuja. Shemeji huyu hamung'unyi maneno.

"Shemeji, sijaja kugombana," alisema, huku bado amesimama. "Pale zahanati wanafundisha wazazi lishe na mapishi. Nenda. Siku ya mwisho watoto wanapimwa. Bosi akiwa hajaongezeka, nakuja na begi, namchukua nikamlee. Dada yangu anafanya kazi huko machozi yanadondokea kwenye ndoo ya kudekia."

Fundi alitaka kubisha. Ila shemeji alikuwa anasema kweli.

Basi akaenda. Ukumbini wote walikuwa kina mama, yeye peke yake ndiye mwenye ndevu. Siku ya kwanza Mwalimu wa Lishe aliwaambia kila mtu aonyeshe anachompa mtoto. Fundi akafungua chupa yake ya uji kwa maringo. Mwalimu akachota, akainua kijiko. Uji ukatiririka kama bomba limeachwa wazi.

"Huu ni uji, au umesuuza sufuria?"

"Mwalimu, mimi nachomelea vyuma," Fundi alijieleza. "Bati jembamba ukilipiga moto mkali linatoboka. Na mtoto wangu mwembamba. Nikaona nimwendee polepole, nisije nikamtoboa."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mama Pacha, aliyekuwa na watoto wawili mapajani, alicheka mpaka mmoja akateleza. Mwalimu hakucheka. Alikunja ngumi ya mmoja wa wale pacha, akainyanyua.

"Tumbo la mtoto ni dogo, kama hivi tu. Ukishalijaza maji, chakula kitakaa wapi?"

Fundi alikitazama kile kingumi. Njia nzima ya kurudi nyumbani, Bosi kambeba, alikuwa anakunja na kukunjua kingumi chake.

Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi wa kweli. Alijifunza kupika uji mzito unaong'ang'ania kijiko, akaukorogea karanga zilizosagwa. Maharage akayaponda. Mboga za majani, ambazo zamani alizichemsha mpaka zinatubu, sasa zilionja moto tu na kuepuliwa zikiwa bado kijani. Kazi ilikuwa kumlisha mwenyewe Bosi. Mwalimu alimwambia asimlazimishe. Basi Fundi akakunja mpini wa kijiko ukakaa sawasawa kwenye mkono mdogo, akampa ale mwenyewe. Bosi akaona sasa anaheshimiwa. Kijiko kimoja kwake, kimoja kwa baba, kimoja kwa nguo.

Je, alinenepa? Fundi alikuwa anamwona kila siku, na anayeangalia kila siku hajui.

Sasa siku ya kupima imefika. Alipoingia ukumbini alimkuta mama yake, bibi wa Bosi anayekaa nao, ameshatangulia na mtoto. Bosi kafungwa koti mpaka kidevuni, jasho linamtoka.

"Mama, joto lote hili, koti la nini?"

"Mtoto ana kifua," Bibi alijibu haraka, akaangalia pembeni.

Shemeji naye alikuwepo, amekaa mstari wa nyuma. Begi lipo miguuni. Fundi aliliona, akaenda kukaa mbali nalo.

Wakaitwa. Mwalimu akamning'iniza Bosi kwenye mizani pamoja na koti lake, kwa maana aliyejaribu kulivua aling'atwa. Mshale ukaruka. Haukupanda, uliruka!

Vigelegele! Mama Pacha akaanza kucheza. Fundi akawa anapeana mikono na kila mtu. Ila Mwalimu alikunja uso, akagongagonga mizani. Bosi, aliyekuwa amechoka kuning'inia kama soksi, akarusha teke.

Nggrrr! Nati moja ikaanguka sakafuni. Ikaviringika. Ya pili. Halafu mfuko wa koti ukamwaga zote.

Nati ya mwisho ilikwenda kusimama kwenye kiatu cha shemeji.

"Shemeji," alisema taratibu, akiiokota. "Tunapima mtoto, au vyuma chakavu?"

Macho yote yakamgeukia Fundi. Nani mwingine ana nati mtaa huu? Yeye akaanza kuziokota. Alikuwa anaona begi linafunguliwa, nguo ndogo zinakunjwa.

"Mwacheni mwanangu!" Bibi alisimama, kanga inamdondoka. "Ni mimi. Hajui lolote. Nilikuwa namsaidia mizani tu kidogo, mzee kama mimi nikae naangalia mjukuu anabebwa?"

"Kidogo, mama?" Mama Pacha aliuliza. "Hiyo si umemwongezea geti zima!"

Hata kicheko hakikumsaidia Fundi. Mwalimu alishamvua Bosi koti, kwa kumpa nati moja aichezee halafu akainyang'anya. Akamning'iniza tena, mtoto na kaptula yake basi.

Mshale ukashuka. Fundi akafumba macho.

Akasikia kalamu ya Mwalimu inakwaruza kwenye kadi ya kliniki.

"Fundi, fumbua. Amepanda. Yumo kwenye kijani, uzito wa kutosha."

"Bila nati?"

"Bila nati, bila koti. Na nyie mngemwacha tu mtoto wa watu aje na nguo zake."

Fundi alikaa sakafuni pale pale alipokuwa. Alicheka, halafu akajifuta uso kwa mkono wa lile shati la kutokea mbele za watu. Bibi akawa anamshukuru Mungu na kukwepa macho ya Mwalimu kwa wakati mmoja.

Shemeji alishusha pumzi ndefu kuliko wote.

"Nikwambie ukweli, shemeji? Usiku sikulala. Kwangu tumebanana mpaka paka analala kwa zamu. Huyu Bosi ningemweka wapi?" Tayari alikuwa na simu sikioni. "Dada! Dada, tulia. Kanenepa! Ndiyo, baba yake. Anapika, wallahi, naapa!"

Bosi alivuta suruali ya baba yake.

"Baba, uji."

"Ndiyo, Bosi." Fundi akasimama, akanyoosha kiganja mbele ya mama yake. "Ila kwanza, mama, nati zangu. Kuna geti la watu."