Mguu wa Kushoto wa Euphrasie

Binti yangu amejichagulia jina la Mignonne, yaani kadogo kazuri, na ana urefu wa mita moja na sentimita themanini na sita. Nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye naye akacheka, na hapo nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa miaka mingi sijamsikia akicheka hivyo. Jina lile la zamani, la kiume, msiniulize. Lilipoondoka nilinuna mwezi mzima, kisha nikaliacha liende zake.

Jumapili hiyo alitoka Auderghem anakoishi, akaja kwangu Ganshoren, upande wa pili wa jiji hili la Ulaya, baada ya misa, na karatasi za daktari ndani ya bahasha. Alikuwa amesubiri miezi minane kuzifikia karatasi hizo. Alhamisi angezipeleka, na kama kila kitu kiko sawa, daktari angemwandikia homoni zake za kike siku hiyohiyo. Miezi minane! Mimi ningekuwa nimeshavunja mlango wa mtu.

Nilikuwa nasonga bugali. Sombe, majani ya muhogo, ilikuwa tayari, pamoja na ndagala nilizonunua Matonge, mtaa wa maduka ya watu wetu. Mignonne alikuwa amevaa gauni la bluu nililomshonea mwenyewe, mikono imemfika katikati tu, maana mtoto huyu hapimiki. Akakaa mezani, akaanza kusoma maswali kwa sauti.

"Sigara, non. Pombe, kidogo."

"Kidogo?"

"Maman, bon, kidogo. Magonjwa ya famille. Diabète, ile ya sukari?"

"Papa yangu. Andika."

"Tension, presha?"

"Mimi. Na ni wewe unanipatiaka ile tension."

Akacheka. "Thrombose, damu kuganda ndani ya mishipa. Mama: non." Kalamu ilishagusa karatasi. "Wewe uko nguvu, hata grippe inakuogopa."

Mwiko ulisimama ndani ya bugali.

Nafanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja hapahapa Ganshoren, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kila asubuhi nawavalisha bibi zangu soksi za kubana zinazopita goti, kwa sababu damu ikiganda mguuni inaweza kupanda hadi mapafuni na kummaliza mtu. Nilifundishwa hayo mwaka wangu wa kwanza. Mwalimu alituonyesha picha ya mguu uliovimba na kung'aa, na mwingine wa kawaida kando yake, nami nikatoka darasani nikaenda kulia chooni. Mguu ule nilishauona. Nilishaukanda kwa maji ya moto kwa mikono yangu hii.

Homoni anazozitaka mwanangu nazo zinaweza kugandisha damu, hasa zikiwa za vidonge. Ndiyo maana wanauliza. Si umbea.

"Andika oui," nikasema.

"Wewe uko na thrombose?"

"Hapana. Mama yako."

Nilizima jiko. Nikamwonyesha kwa mwiko picha ya ukutani, ya mdogo wangu Euphrasie, ambaye Mignonne amekuwa akimwita tante tangu ajue kusema. Ilibidi niseme yote kwa mfululizo. Ningesimama hata kidogo ningenyamaza tena maisha yote.

"Ule njo alikuzala. Uvira, mwaka ya tisini na nane. Ulikuwa na wiki mbili tu. Mguu yake ya kushoto ikavimba, asubuhi moja akakosa pumzi, akafa. Sisi wote tukasema ni karuho."

Kwetu Kivu, kijana akifa ghafla hatutafuti ugonjwa, tunatafuta aliyepika. Karuho ni sumu, na sumu lazima iwe na mtu. Euphrasie alikuwa amekula kwa mama mkwe wake, Alphonsine, basi mtu akawa Alphonsine. Msibani mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nilimfukuza mama yule mbele ya watu, naye alikuwa amekuja kumlilia mkwe wake. Mtoto hakuwa na baba wa kumtetea, baba alishaenda jeshini na hakurudi. Nikambeba mgongoni, na vita vilipotufikia nikavuka ziwa naye hadi kambini Kigoma. Aliyekuwa akiandika majina aliuliza huyu ni mtoto wa nani. Nikasema ni wangu.

Mwanzoni niliogopa Alphonsine asije kumdai. Baadaye, Alphonsine alipokuwa ameshakufa bila kumwona mjukuu wake, niliogopa jambo jingine. Niliogopa kwamba siku mtoto akijua, neno maman litapungua uzito mdomoni mwake. Hiyo ndiyo hofu niliyolala nayo na kuamka nayo, na sioni sababu ya kuipamba.

"Karuho haikukuwa," nikamwambia. "Ilikuwa damu tu. Ule mama nilimuonea bure."

Mignonne alikuwa anaitazama picha. "Unajua tangu lini?"

"Tangu mwaka ya kwanza ya kazi."

"Onze ans, maman."

"Miaka kumi na moja."

Hakulia. Afadhali angelia. Aliuliza tu, "Mguu ya kushoto?" kama mtu anayetaka kukumbuka anwani, akarudisha karatasi ndani ya bahasha, akavaa koti. Mtoto huyu aliwahi kula sombe yangu akiwa na homa kali, anatetemeka na kijiko mkononi. Siku hiyo aliacha sahani nzima.

Kila jioni saa moja hunipigia kuniuliza nimekula nini. Jumapili hakupiga. Jumatatu hakupiga. Jumanne nilimvalisha bibi mmoja soksi nje ndani, akanitukana kwa Kiflemi, nikaona ana haki. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba sikujua ameandika nini. Angeweza kuacha ile "non" na kuchukua vidonge vyake Alhamisi. Nani asingejaribiwa, baada ya miezi minane? Mara tatu nilishika simu nimpigie, mara tatu nikaiweka, maana nilijiona sina tena haki ya kumgombeza.

Jumatano ukaja ujumbe: "Kesho saa tatu asubuhi kwa docteur. Usivae ile kofia."

Nikalitafuta neno maman ndani ya ujumbe huo, juu na chini. Halikuwamo.

Sikuvaa kofia yangu ya misa. Nilimkuta mlangoni amevaa gauni lile la bluu, macho yamevimba. Alinibusu mashavuni. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, akasoma karatasi polepole, na kwenye ukurasa wa pili akasimama.

Ameandika oui. Nilishusha pumzi kwa kelele mpaka daktari akanitazama.

Alitueleza kwa upole. Hakuna aliyekataliwa. Kwanza damu ipimwe na mtaalamu, pengine wiki sita, kisha huenda akapewa homoni za kubandika kwenye ngozi badala ya vidonge, maana hizo ni salama zaidi kwake. Akasema tulifanya vema kusema. Mabega ya Mignonne yalianguka. Wiki sita nyingine, na mimi ndiye niliyemtwika. Kwa jinsi nilivyomwonea huruma, ningeweza kumbeba mgongoni tena, na urefu wake wote ule.

Daktari alifika ukurasa wa mwisho, akarudi kwenye ule wa pili, kisha akarudi tena wa mwisho.

"Samahani," akasema. "Hapa umeandika kwamba mama amefariki mwaka tisini na nane. Na hapa, mtu wa kuitwa kukitokea jambo, umeandika mama, na namba ya simu. Kosa liko wapi, nisahihishe?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na Uvira nzima ya kueleza, na ziwa, na kambi, na Alphonsine.

"Hakuna kosa, docteur," Mignonne akasema. "Usisahihishe."

Kisha akaichukua karatasi mezani, akaisukuma mbele yangu, kidole chake kirefu chini ya namba.

"Maman, angalia kama iko juste."

Nikaiinamia. Macho yalikuwa yamejaa, sikuona hata tarakimu moja.

"Iko juste," nikasema.