Mbuzi Aliyechinjwa Mapema

Asubuhi ya Krismasi, Selina akiwa bado anafagia uwanja, Mzee Maulidi alibisha getini amevaa kanzu ya safari. Shemeji yake alikuwa amefariki kule Magu na mazishi hayasubiri. Alimwomba jambo moja tu.

"Mbuzi nisubirini. Nikirudi naanzia hapa kwenu, hata kabla sijaingia kwangu."

Selina akamwambia pole na kumwahidi kwamba watasubiri.

Mambo pale Buzuruga yalikuwa hivyo tangu alipoolewa. Mbuzi wa Krismasi alichinjwa na Mzee Maulidi, Mwislamu wa nyumba ya pili, ili sahani ya nyama iweze kuvuka ua wa michongoma na kuliwa upande wa pili bila wasiwasi. Idi ikifika, sahani zilirudi zimejaa. Watu wa mtaa waliijua nyumba ya Selina kwa sahani hizo, na yeye alipenda kujulikana hivyo.

Lakini mwaka huu mumewe, Renatus, alikuwa amemwalika mkuu wake wa kazi, Mzee Longino, pamoja na mkewe. Misa ilipokwisha, Selina alitoka kanisani na sare yake ya kwaya, kichwani hamna wimbo hata mmoja. Alikuwa akiwaza sufuria tu. Mbuzi alikuwa bado amefungwa kwenye mpapai, anatafuna kamba.

Renatus alishauri wasubiri, au wanunue kuku. Selina akamuuliza kama anataka mkuu wake aletewe soda na maelezo. Wakamwita Ngosha, kijana wa gereji aliyekaa nyuma yao, Mkristo kama wao, akamaliza kazi upesi na kuondoka na kichwa na miguu.

"Basi kwa Mzee Maulidi tupeleke wali mtupu, na umwambie mkewe ukweli," Renatus alisema.

Selina alikubali. Na alikusudia kweli. Ila pilau ilipoiva, ikapanda harufu yake ya iliki na nyama, sufuria ndogo ya wali mtupu alikuwa hajaibandika hata motoni. Akajiambia kwamba jina la Mungu alilitaja mwenyewe wakati anakaanga vitunguu. Akajiambia nyama ni nyama. Akachagua vipande vinono, akafunika sahani kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, akaipeleka kwa mikono yake.

Mama Shabani, mke wa Mzee Maulidi, aliipokea kwa mikono miwili. Alifikiri mumewe alikuwa ameagiza ndugu fulani aje kuchinja badala yake, akasema hivyo mwenyewe. Selina hakuitikia wala hakukana. Mama Shabani akamwombea dua pale pale mlangoni, ndefu, ya watoto wake na ya mikono yake, na Selina akasema amina.

Wageni walifika. Mzee Longino alikuwa mtu wa kusifia. Alisifia upepo wa ziwa, akasifia mapazia, kisha Renatus alipotoka kutafuta barafu akaanza kusifia ujirani wao.

"Njiani tumesikia sifa zenu. Eti sahani zenu hazibagui dini. Mama, hiyo ndiyo Krismasi yenyewe. Haya mengine ni kelele."

Selina akacheka kidogo na kuinama kupanga vijiko vilivyokuwa vimepangika.

Ndipo Mzee Maulidi akatokea getini. Vumbi la Magu lilikuwa limemjaa hadi kwenye nyusi, na kwapani alibana kisu chake kilichofungwa kitambaa. Selina alimwamkia, naye akaitika marahaba huku akitazama mpapai. Kamba ilikuwa inaning'inia. Akatazama sufuria, akaelewa kwamba amechelewa, na yeye ndiye aliyeomba radhi. Alisema gari liliharibika, wasimhesabie kosa. Hakuuliza nani amechinja. Aliwatakia wageni sikukuu njema, akaenda zake kwake kupumzika.

Renatus alirudi na barafu, wakasimama kusali. Alimshukuru Mungu aliyekubali kuzaliwa kati ya watu, akaishi nao mlango kwa mlango, akala walichokula. Maneno hayo Selina alikuwa ameyaimba asubuhi kwa sauti ya kwanza, shingo imenyooka, na hayakumgusa popote. Sasa yalimshika. Mungu alishuka kuja kukaa na majirani, na yeye amemlisha jirani haramu ili asifiwe ujirani. Wengine waliposema amina, yeye alikuwa ameshavuka ua.

Jirani zake walikuwa wameketi mkekani. Mzee Maulidi alikuwa amekwisha kunawa, sahani iko katikati, mkono wake unaishukia.

"Baba, msile," Selina alisema.

Akaeleza. Hakupamba. Alisema ni Ngosha aliyechinja, na kwamba alipoileta sahani alijua. Rehema, mjukuu wao, aliacha kulamba vidole, akamwangalia bibi yake. Kipande kimoja alikuwa ameshakidokoa.

Mama Shabani akauliza taratibu, "Nilipokuwa nakuombea dua, ulikuwa unanisikiliza?"

Selina alitamani atukanwe.

"Mtoto hana kosa, Mungu anamjua," Mzee Maulidi alisema, akiusogeza mkono wake mbali na sahani. "Lakini wewe, mwanangu, ungesema tu. Sisi tungekula ugali na dagaa, na sikukuu yako tungeisherehekea vilevile. Ulidhani tunafuata nyama?"

Selina aliinua sahani, imejaa karibu kama alivyoileta, akarudi nayo. Kutoka pale hadi mezani kwake hapakuwa na pa kujificha. Mzee Longino aliiona, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Wameikataa? Watu wengine bwana, ukiwatendea wema ndiyo wanakuona vibaya."

Hapo palikuwa na mlango uliofunguliwa kwa ajili yake. Angenyamaza tu, jina lake lingebaki safi, na la wale wawili wa mkekani lingechafuka. Renatus alikuwa anamtazama.

"Hawakukataa," alisema. "Mimi nimewalisha nyama isiyo halali kwao, nikijua. Nimewadanganya, mzee, na hizo sifa mlizosikia si zangu."

Mke wa Mzee Longino aliweka kijiko chini. Hakuna aliyejua pa kutazama. Selina akamwomba mumewe awahudumie wageni, akavua kitenge cha sikukuu, akajifunga khanga ya jikoni na kutoka tena.

Mama Shabani alikuwa uani, amepakata ungo, anachambua dagaa, anatoa mchanga na vichwa. Hakumkaribisha. Selina alichuchumaa mbele yake hata hivyo, macho chini, hajui kama mikono yake inatakiwa pale.

Kisha Mama Shabani, bila kumtazama, akauteremsha ungo kutoka mapajani na kuuweka chini, kati yao.