Kiwanda Kisicho na Msingi

Jumatatu asubuhi, mstari wa bei ya hisa za kiwanda cha saruji ulitoka nje ya skrini, ukaanza kupanda ukutani. Mfagiaji wa ofisi ya udalali alisogeza kalenda ili usijikwae, akaendelea kudeki.

"Umeona, kaka?" alisema dalali mdogo. "Mstari haudanganyi."

Yeye alisoma michoro ya bei tu. Kampuni iwe inauza saruji au pumzi, shauri yake. Huo ni uchambuzi wa kiufundi, kwa hiyo aliitwa Fundi. Kaka yake, meza ya pili, alichambua hesabu za kampuni mpaka macho yakawa mekundu, na kila mteja alipotaja kampuni, yeye aliuliza, "Msingi wake uko wapi?" Akaitwa Msingi. Hata mama yao, mshona magunia katika kiwanda hichohicho, alishayasahau majina aliyowapa.

"Hesabu zake ni hewa tupu," alisema Msingi.

"Basi nenda ukaipigie hodi hiyo hewa."

Msingi akaenda. Kiwanda kilikuwa kinaelea juu ya nguzo za umeme. Chini palibaki majani, na mlinzi akiyalinda.

"Bei ikipanda, nacho kinapanda," mlinzi alieleza. "Zamu ya wiki jana haijashuka. Ngazi imekuwa fupi."

"Na bei ikishuka?"

"Ijumaa ilishuka kidogo tu, stoo ikatua kwa kishindo. Tukazika wawili."

Mama alichungulia dirishani. "Baba, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Muongo. Haya, niletee uzi, huu umeisha. Na mdogo wako avae sweta."

Akateremsha kamba. Msingi akafungia hapo chakula chake cha mchana, akakitazama kikipaa.

Kesho yake mwalimu mstaafu aliingia ofisini na kiinua mgongo chake chote. Alimpita Fundi kama anayepita kiti kibovu, akaketi mbele ya Msingi.

"Mwanangu, huyu mdogo wako ana maneno mengi. Msema kweli humu ni wewe. Kile kiwanda cha saruji kina msingi?"

Msingi alitazama ukutani. Ncha ya mstari ilikuwa imeanza kuinama.

"Nunua, mwalimu."

"Nitie zote?"

"Zote."

Mstari ukajinyoosha, ukagusa dari. Mfagiaji akaleta ngazi, akabandua ubao mmoja ili upate pa kupita.