Koti la Risasi

Koti lilikuwa limening'inizwa peke yake kwenye msumari, nyuma ya mlango wa duka la Saady mjini Kasulu, na Yusta alilitazama mara kadhaa kabla hajauliza. Duka lilijaa vitu vilivyotoka kambini Mtendeli baada ya wakimbizi kuondoka na mashirika kufungasha: maturubai, masufuria ya kupikia uji wa umati, vitanda vya chuma vya kukunja, ndoo zenye bomba. Hivyo vyote Yusta alivijua. Hili hakulijua.

Lilikuwa la bluu iliyopauka, ile bluu ya watu wa mashirika. Kitambaa chake kilikuwa laini, cha kuteleza, kama turubai lililofuliwa sana. Lilianzia mabegani likashuka mpaka magotini, bila mikono, bila kifungo hata kimoja. Kwa nyuma palikuwa na mikanda tu ya kunatana, ile inayolia kwaraa ukiibandua, kama ya viatu vya watoto wa chekechea. Alipolishusha msumarini ili alione vizuri, mikono yake nayo ikashuka. Lilikuwa na uzito wa mtoto aliyelala.

"Hili ni nini, mwanangu?"

"Koti la risasi hilo, mama," Saady akajibu huku akifunga kamba ya turubai la mteja mwingine.

"Risasi za bunduki?"

"Kuna risasi zingine?" Saady akacheka. "Aliyeniletea ndivyo alivyoniambia. Koti la risasi, la wazungu wa kambini. Mimi jeshini nilikwenda lini, mama yangu? Nauza kama nilivyouziwa."

"Si nguo ya askari? Mtu asije akakamatwa nayo."

"Lina mabaka hilo? Lina nembo? Ligeuze unavyotaka, mama, ukiona nembo nakupa bure."

Yusta aligeuza, na kweli hakuona nembo. Alichokiona ni kwamba upande wa nyuma ulikuwa wazi mtupu.

"Na mgongoni mbona hakuna kitu?"

Saady akaacha kamba. Ilionekana hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo. Alilitazama koti, akamtazama Yusta, akajikuna shingo.

"Anayevaa hili hakimbii, mama," akasema mwishowe. "Anakwenda mbele. Mgongo wa kazi gani?"

Jibu lilimpendeza Yusta, ingawa halikumuingia lote. Alilinunua hata hivyo, na sababu ya kulinunua ilikuwa Japhet.

Japhet, kitinda mimba wake, aliendesha kenta ya tajiri mmoja wa maharage. Alikusanya magunia katika magulio ya huku juu karibu na mpaka wa Burundi, akayashusha Kibondo na Kasulu. Kabla ya mvua kuanza, alikuwa akikatiza njia ya msituni ya kutoka Nyabibuye, jioni, watu wakamtokea na bunduki. Hakusimama. Alifika nyumbani Kibondo kioo cha mbele kikiwa hakipo, na vipande vyake vimejaa kwenye nywele. Yusta alimkalisha uani, akavitoa kimoja kimoja kwa kucha na kuviweka kwenye kisahani, na mara mbili akamkwaruza kichwani. Tangu hapo kenta ikichelewa, hakai chini.

Alipolileta koti nyumbani, Japhet alilivaa palepale sebuleni. Akabana mikanda, akajipiga kifuani kwa ngumi.

"Mama, sasa mimi ni kifaru. Kile cha magurudumu ya mnyororo."

"Kifaru kinavaa aproni?" Yusta akamuuliza. "Unafanana na mama lishe."

Wakacheka, naye Yusta akalala vizuri siku hiyo. Lakini Jumatatu, wakiwa wanakula ugali, Japhet akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba tajiri ana mzigo Nyabibuye. Anautaka uje kwa njia ya msituni, kwa kuwa ni fupi, na utoke jioni ili uwahi soko. Madereva wengine wamekataa.

"Wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia Alhamisi nitauleta."

"Kwa njia ile ile uliyovunjiwa kioo?"

"Ile ile. Siku ile sikuwa na koti, mama."

Yusta alilirudisha tonge sahanini. Koti alilinunua ili mtoto awe na kinga katika njia zake za kila siku. Hakulinunua ili limpe miguu ya kufuata bunduki porini. Na kama ushujaa wote wa Japhet umo ndani ya koti, basi hilo koti inabidi lijulikane ni kitu gani, tena kabla ya Alhamisi.

Asubuhi Japhet alipoondoka, Yusta aliingia chumbani kwake, akalitoa koti na kulitandika kwenye mkeka juani. Alilikagua kama anavyochagua mchele. Lilinuka mpira, na kwa mbali, dawa ya hospitali. Alilibonyeza kila mahali akitafuta bamba la chuma. Hapakuwa na bamba, lilikunjika lote. Akafuata mishono kwa kidole. Uzi ulikuwa mwembamba, mstari mmoja tu. Akajiuliza, nguo ya kwenda kukutana na bunduki inashonwaje kwa uzi wa kushonea mashuka? Kisha akalibeba begani, akateremka bondeni kwa Lukmani.

Lukmani alikuwa rafiki wa marehemu mume wake, mzee wa kuwinda, mwenye gobore la kibali ambalo siku hizi lilikuwa na kazi ya kufukuza nyani na nguruwe pori kwenye mahindi.

"Shemeji," Yusta akamwambia baada ya salamu, "nataka unipigie koti."

"Nilipige pasi? Mimi siku hizi ni dobi?"

"Ulipige risasi."

Lukmani alilipokea, akalipima mkononi, akalizunguka. Aliuliza mgongo uko wapi, na Yusta akampa jibu la Saady. Lukmani akasema huyo muuzaji ana akili ya kuuza, lakini hajawahi kufukuzwa na nguruwe.

Walichagua mgomba uliokwisha kukatwa mkungu. Yusta aliuvalisha koti mwenyewe, akaubania mikanda kwa nyuma na kuyanyoosha mabega yake, kama mtu anayemtengeneza mtoto kwa ajili ya kanisani. Kuku walifungiwa. Lukmani alishindilia baruti, akafuatisha kitambaa, kisha goroli aliyoitengeneza kwa mkono wake, akarudi nyuma hadi kwenye ukingo wa shamba.

"Shemeji, ukae nyuma yangu. Na ukiona moshi usidhani nimekufa."

Mlio uliteremka bondeni ukarudi. Moshi ulipopungua, Yusta alikuwa ameshafika mgombani. Kwenye koti, upande wa kushoto chini ya kifua, palikuwa na tundu la kuingia dole gumba. Akazunguka nyuma. Mgomba ulikuwa unachuruzika maji. Goroli ilikuwa imeingia huku ikatokea kule, ikaenda zake.

Alirudi mbele, akalishika lile tundu. Japhet alilivaa hili, akajipiga kifuani.

Lukmani alichana mshono kwa kisu. Ndani mlikuwa na tando za kijivu, nzito, zenye kukunjika kama mpira wa ndani wa baiskeli. Alizikwaruza kwa ukucha, akautazama weusi uliobaki kidoleni, akapima kipande kiganjani. Halafu akaanza kucheka polepole, mabega yakimtikisika.

"Shemeji, hawakukudanganya. Hili ni koti la risasi."

"Mbona imepita?"

"Risasi, shemeji. Madini. Hii hii ninayoyeyusha kwenye kopo nikatengeneza goroli. Humu wameisaga wakaichanganya na mpira, lakini huu uzito naujua, na huu weusi naujua. Mtoto umemvalisha goroli tupu."

Wakati huo Ghati alikuwa anashuka kwa haraka kwenye njia ya bondeni, sare yake ya kazi bado mwilini. Ghati alikuwa mpangaji wa Yusta, mtumishi wa serikali aliyeletwa kutoka Mara, na kazi yake hospitalini ilikuwa kupiga picha za eksirei. Alikuwa anarudi zamu aliposikia mlio. Alifika akihema, akautazama mgomba kwa muda.

"Bibi," akasema, "kwa nini mmeipiga risasi aproni ya eksirei?"

Lukmani ilibidi akae chini kwa kicheko.

Ghati akaeleza. Anayepiga picha kila siku huvaa hili ili ile miale isimwingie mwilini. Mgongo uko wazi kwa sababu mashine huwa mbele yake. Hata wao kazini huliita koti la risasi, na ndiyo, ni madini.

"Ngoja kwanza," Yusta akasema, maana aliona kuna jambo hapo. "Hiyo miale yenu inapita kwenye nyama mpaka ikauona mfupa."

"Inapita."

"Ikifika hapa inakwama."

"Inakwama, bibi."

"Na goroli ya Lukmani?"

"Hiyo inapita kama kwenye chapati."

Yusta alitikisa kichwa, akalishika tena lile tundu. Angependa kuuliza zaidi, lakini Ghati alikuwa ameshaagiza sabuni na maji. Madini hayo ni sumu, akasema. Wanawe mikono wote wawili, na vile vipande waviokote kabla kuku hawajafunguliwa. Wakaviokota mpaka cha mwisho, wakavitia kwenye mfuko.

Japhet aliporudi jioni alilikuta koti limetandikwa kwenye mkeka, tundu likiwa juu.

"Mama, umeliharibu."

"Nimeliuliza, likajibu."

Akamweleza yote: mgomba, goroli, maneno ya Ghati. Japhet alisikiliza akiwa amesimama, funguo za kenta mkononi. Mwisho akacheka kidogo, cheko la mtu anayetafuta pa kutokea.

"Sawa, ni la eksirei. Lakini wale wa msituni watajuaje? Wakiona hili koti la bluu watasema, huyu ana kinga, tumwache."

"Na wakitaka kujua?"

Japhet akazichezea funguo.

"Mwana wanje, mwanangu," Yusta akamwambia, "mimi ni mama yako, sina bunduki, na nilitaka kujua mpaka nikaenda kumwomba Lukmani. Wao bunduki wanazo tayari."

Japhet akaliokota koti. Alilivaa polepole, hakubana mikanda. Akatafuta tundu kwa mkono, akalipata, akaingiza kidole mpaka kikagusa shati lake. Kisha akalivua, akaliweka chini, akatoka uani na simu.

Yusta alimsikia kupitia dirishani.

"Tajiri, shikamoo. Ile njia ya msituni sipiti... Hapana, siumwi. Nitazunguka barabara kubwa, mchana, na wenzangu... Najua nilisema nina koti... Ni la eksirei, tajiri... La hos-pi-ta-li." Akaihamishia simu sikio la pili. "Basi ukiona hivyo, funguo mpe mwingine."

Alirudi ndani uso umemlegea.

"Anasemaje?" Yusta akauliza.

"Nizunguke. Mafuta ya ziada nitajua mwenyewe." Akaketi, bado simu ameikamata, haijakatwa. Akaiziba kwa kiganja. "Ila anauliza kama hilo koti tunaliuza. Ana dereva mwingine, anataka kumpa huyo apite msituni."

Yusta alinyoosha mkono, akaichukua ile simu.

"Baba, shikamoo," akasema. "Koti lipo, lakini lina tundu. Njoo kwanza wewe mwenyewe utie kidole."