Klachi ya Eudald

Quirze hakuwahi kumwona fundi asiyestahili kusonywa. Yule wa Ripoll alikuwa mpaka rangi tu aliyejipa cheo. Yule wa Olot alifungua injini kwa nyundo, kama mtu anayevunja nazi. Vijana wa siku hizi ndio hata usiwataje: wanachomeka waya kwenye kompyuta, wanangoja mashine iwaambie inaumwa wapi, halafu wanabadilisha kila kitu isipokuwa kilichoharibika. Katika bonde lote, kwa hesabu yake mwenyewe, alibaki fundi mmoja, naye alikuwa na miaka sabini na moja na alikuwa amesimama mlangoni pa karakana yake akijinyoosha mgongo, Eudald alipofika na pikipiki nyuma ya gari la kubebea majani ya ng'ombe.

"Khaa! Leo jua limechomoza wapi?" Quirze akasema. "Umepotea njia ya zizini, bwana?"

Eudald alikuwa mfugaji, mrefu, macho yameanza kuingia ukungu. Hakuwa amekanyaga pale kwa miaka arobaini. Aliiteremsha pikipiki polepole, akaiegemeza ukutani.

"Klachi haiachii," akasema. "Ikiwa baridi inaachia vizuri. Ikishapata moto, unaivuta mpaka kidole kinauma, na yenyewe inatambaa tu. Jumapili nimejiandikisha mashindano ya pikipiki za zamani."

"Wewe? Upande majabali na macho hayo?"

"Jabali si sindano, Quirze. Nitaliona."

Habari ya pikipiki ile kila mtu bondeni aliijua, kwa sababu Quirze aliisimulia kila Jumamosi kwenye baa ya Remei. Mwaka sabini na tisa Eudald alikuwa anaongoza ubingwa wa kupanda majabali. Mchezo ule hauna mbio. Unapita juu ya mawe, mizizi na mito, na mguu haugusi chini. Ukigusa mara moja ni alama moja ya adhabu, ukianguka ni tano. Quirze ndiye alikuwa mbeba mkoba wake, yaani mtu anayetembea na spana mgongoni, anatangulia kwa miguu kumwonyesha gurudumu lipite wapi, na pikipiki ikilemaa anaitibu yeye. Ilibaki sehemu ya mwisho, kijito chenye jabali, na Eudald alikuwa mbele kwa alama tatu. Pale juu ya ukingo ilimpasa asimame tuli, klachi imevutwa ili injini isisukume gurudumu, apime, kisha aruke. Pikipiki haikusimama. Ilijikokota yenyewe mpaka ikamtupa majini. Alama tano. Mtu wa kiwanda cha pikipiki aliyekuja na mkataba mkobani alifunga mkoba wake akaenda zake.

Jioni ile Eudald aliisukuma pikipiki zizini na hakuipanda tena mpaka wiki hii ya kujiandikisha. Quirze naye alikwenda baa. "Ule ni mkono wa kukamua," aliwaambia watu. "Unampa klachi, yeye anatafuta maziwa!" Baa nzima ilicheka. Kuanzia siku hiyo Eudald aliitwa Maziwa, na mpaka watoto waliozaliwa baadaye hawakumjua kwa jina jingine.

"Haya, Maziwa, tuitazame," Quirze akasema, akaipiga teke pikipiki ikawaka. Aliiacha ingurume mpaka mapezi ya silinda yakawa hayashikiki kwa moto. Akavuta klachi, akatia gia. Pikipiki ikaanza kutambaa kuelekea mlangoni, naye akaizima kwa dharau.

Waya wa klachi ulikuwa mpya, Eudald aliununua wiki ile. Mkono wa klachi ulikuwa sawa. Quirze akachukua bisibisi, akaigusa skurubu ya kurekebishia, na akakuta imekazwa mpaka mwisho wake. Haikuwa na hata robo ya mzunguko iliyobaki.

"Lo! Nani punguani aliyeikaza hivi? Hii skurubu inalia, bwana. Inasema kuna kitu humu ndani ni kifupi, na mtu mmoja mjinga ameificha kasoro badala ya kuitafuta. Ulimpa nani? Yule mpaka rangi?"

"Sijampa mtu."

"Mwizi hakuingia, lakini mbuzi hayupo. Haya."

Akailaza pikipiki ubavu ili oili isimwagike, akapangusa kifuniko cha klachi. Juu ya boliti mbili palikuwa na mstari wa rangi ya manjano, umepita kwenye kichwa cha boliti ukaendelea kwenye kifuniko, umekauka kama ganda la yai. Quirze aliujua. Wakaguzi walipaka rangi hiyo asubuhi ya mashindano yale ya sabini na tisa, mtu asije akafungua injini njiani akaweka vyuma vingine. Mstari haukuwa na ufa hata mmoja.

"Hata kuifungua hukuifungua," akasema. "Miaka arobaini! Mvivu ni mvivu tu."

"Sikuwa na la kutafuta humo," Eudald akajibu. "Ulishaniambia tatizo ni mkono."

Quirze akavunja rangi. Akatoa kifuniko, akafungua springi moja baada ya nyingine, akachomoa sahani za klachi na kuzipanga juu ya kioo cha dirisha alichokiweka mezani. Sahani iliyopinda hucheza juu ya kioo. Hizi zililala kimya zote. Akapitisha ukucha kwenye bakuli la klachi kutafuta mahali palipoliwa na meno ya sahani. Hapakuwa na kitu. Hata rangi ya kuungua hakuiona. Klachi ilikuwa nzima kabisa, na jambo hilo lilimkera.

Zikabaki fito. Kwenye injini ile sahani husukumwa na fito mbili fupi zinazofuatana ndani ya tundu, na katikati yao hukaa gololi moja ya chuma, ndogo kama punje ya dengu. Akavuta ufito wa kwanza. Akainamisha injini, ufito wa pili ukateleza ukatoka. Akangoja gololi. Akaitikisa injini. Akaingiza waya wenye sumaku, akautoa mtupu, akauingiza tena.

Kisha akazitazama ncha za fito. Gololi ikiwepo huchimba kishimo kidogo katikati ya kila ncha. Hizi zilikuwa bapa, zimesuguana zenyewe kwa zenyewe mpaka zikawa za buluu. Gololi haikudondoka wala kuvunjika. Haikuwahi kuwekwa.

Mtu wa mwisho kuifunga klachi ile kabla ya rangi ya wakaguzi alikuwa yeye. Aliikumbuka asubuhi yenyewe: watu wamemzunguka, chupa ya divai inapita, yeye anafunga huku anawachekesha, na skurubu anaizungusha, anaizungusha, na hajiulizi kwa nini haifiki. Injini ya baridi ilidanganya vizuri. Ilipopata moto mwili wake ukatanuka, fito fupi zikashindwa kufika, na klachi ikakataa kuachia pale juu ya ukingo. Nyani haoni kundule! Miaka arobaini alikuwa anawasonya mafundi wa bonde zima.

Juu ya rafu palikuwa na kopo la gololi. Eudald alikuwa mlangoni, hatua tano, na kwa macho yale asingeona zaidi ya mgongo wa mtu anayefanya kazi. Quirze akachukua gololi moja, akaichovya kwenye oili chafu. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: iko hapa, bwana, haina neno.

"Quirze," Eudald akasema. "Nataka kukuuliza, na usinifanyie mzaha. Ni mkono? Maana nimefunga mkono wa klachi kwenye bomba la zizi, kila asubuhi baada ya kukamua nauvuta mara mia mbili. Kama ni mkono, nijitoe. Sitaki kuanguka tena mbele za watu."

Quirze akaitazama gololi kiganjani. Katika maisha yake alikwishaona kazi mbovu za kila aina, lakini ya kuchovya gololi kwenye uchafu ili ionekane imeishi humo, hiyo hata yule wa Olot asingeifanya. Akajisonya mwenyewe, kwa sauti.

"Si mkono," akasema. "Gololi haikuwamo. Niliisahau mimi."

Eudald akaja mpaka mezani. Akazipapasa ncha za fito kwa kidole gumba, moja, halafu nyingine, kwa muda mrefu.

"Mkono wangu ulikuwa mzima," akasema.

"Ulikuwa mzima."

"Na wewe ulikuwa na kinywa."

Eudald akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Weka fito mpya na gololi, uifunge. Halafu kesho Jumamosi utakwenda kwa Remei, utayasema hayo niliyoyasikia. Mimi nitakuwepo."

Asubuhi ya pili baa ilikuwa imejaa. Watu walikula soseji na maharagwe meupe, chombo cha divai kikizunguka meza. Quirze akasimama, zile fito kuukuu mkononi.

"Sikilizeni. Mwaka sabini na tisa klachi ya Eudald niliifunga bila gololi. Nilisahau mimi. Yeye hakukosea kitu."

Baa ikalipuka kwa kicheko.

"Fundi kaja na mpya leo!"

"Maziwa, umemhonga ndama au ng'ombe mzima?"

"Ala! Nasema kweli!" Quirze akapiga meza. "Naapa kwa kaburi la mama yangu! Tazameni hizi ncha!"

Wakazipitisha fito mkono kwa mkono, wakaona vipande viwili vya chuma, wakazidi kucheka. Mmoja alifuta machozi. Remei mwenyewe, nyuma ya kaunta, alicheka mpaka akashika mbavu. Quirze aliwatazama na kuwadharau wote, wapumbavu hawa wasiojua ncha ya ufito, halafu akakumbuka ni nani aliyewafundisha kucheka vile. Akaketi, uso umemwiva.

Kando yake Eudald alikuwa anakata soseji yake bila haraka.

"Mbona umekaa?" akauliza.

"Hawaniamini."

"Ile ya mkono wangu walikuamini siku ya ngapi?"

"Siku ile ile."

Eudald akatafuna, akameza, akajifuta mdomo. "Ile umeisema Jumamosi elfu mbili, Quirze. Hii umeisema mara moja. Simama."

Quirze akasimama, akaanza upya.