Albamu ya Tatu ya Tulang Busuk

Mashabiki wa death metal, ule muziki wa kunguruma, katika mtaa wa Ujung Berung walikuwa wakiapa kwamba hakuna koo la kutisha kama la Engkos. Katika albamu mbili za bendi yake, Tulang Busuk, alinguruma mpaka vioo vikatikisika, na vijana wakajichora mafuvu wakiamini anaimba habari za makaburi. Masikini! Alikuwa akimsema mama mkwe wake, Ma Entin. Alikaa kwa Ma Entin, alikula kwa Ma Entin, mdomo hana. Basi yote aliyoyameza pale mezani aliyatapika kwenye kipaza sauti, na kwa kasi ile ya ngoma hata mkewe hakuambulia neno.

Kwa hiyo Yayat, mpiga gitaa, aliposema albamu ya tatu iende polepole, na ndani yake iwemo karinding, ule mwanzi wa kupigwa mdomoni, Engkos alikuja juu.

"Polepole? Tumekuwa bendi ya harusi sisi?"

"Kang, kaka yangu, umri huo! Oding akishapiga ngoma siku hizi anaitisha mafuta ya kuchua."

"Mashabiki watatucheka!"

"Wacheke. Mpiga karinding nimeshampata, mtaa mzima hana mpinzani."

Mlango ukafunguka, akaingia Ma Entin na kapu la komro, mihogo yake ya kukaanga. Mkono wa pili alishika karinding.

Wakajaribu wimbo wa zamani kwa mwendo mpya. Engkos alikohoa, akamumunya, akaugeukia ukuta uliofunikwa magodoro. Wapi! Maneno yakaanza kutoka moja moja. Za mwizi arobaini: Oding akasimamisha ngoma.

"Kang, mbona kama nimesikia 'komro'?"

Engkos aliona kabisa virago vyake vikitupwa nje kwenye mvua.

Ma Entin akaifuta karinding kwa upindo wa kebaya, blauzi yake ndefu. "Albamu ya kwanza, wimbo wa pili," alisema. "Eti komro za Ma Entin ngumu kama vigae. Nilisikia siku ileile ulipoleta kanda nyumbani. Nimefukuza ndege mpungani miaka thelathini kwa koo kama hilo, mwanangu. Utanificha nini?"

"Ambu, mama yangu... miaka sita hukusema?"

"Nilisema. Ulidhani zile komro za kuungua zinakuangukia wewe tu kwa bahati mbaya?"

Aibu ilimchoma Engkos, lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha ya ajabu: kumbe mtu mmoja duniani alikuwa akimsikiliza.

"Hebu sogea," alisema Ma Entin, akikikamata kipaza sauti. "Zamu yangu."

Albamu ilipotoka, mashabiki walisema Tulang Busuk wamekomaa, na ile sauti ya pili, lo, ni mizimu yenyewe. Kila onyesho vijana hutikisa vichwa kwa uchungu wa wafu. Hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba wimbo wote wa Ma Entin, dakika saba, ni wa mabakuli aliyoacha Engkos bila kuosha. Na kiitikio, ambacho lazima akingurume yeye mbele ya umati, ni "Nisamehe, Ambu."