Alichouza Kamanda

Mkunga alikuwa ndiyo kwanza amalize zamu, glavu hata hajazitupa, alipoambiwa ana mgeni. Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo, afisa wa ile mahakama ya kimataifa iliyomhukumu Kamanda kwa mauaji ya wakati wa vita. Wakakaa chumba cha chanjo, katikati ya majokofu mawili yanayonguruma.

"Mama, Kamanda alipewa miaka thelathini," afisa alianza. "Sasa ametimiza ishirini. Sheria inawataka majaji waipitie upya adhabu yake, waone kama wampunguzie. Kabla hawajaamua, wanataka kuwasikia ninyi mliotoa ushahidi."

Mkunga akaitikia kwa kichwa. Wakati wa kesi alisimama nyuma ya pazia la kumficha sura akaeleza jinsi mumewe na wanaume wengine kumi na mmoja walivyopakiwa kwenye lori la Kamanda, wasirudi. Alilia mpaka kesi ikaahirishwa. Leo alijipapasa rohoni kuyatafuta machozi yale, akaambulia patupu.

"Yuko wapi siku hizi?"

"Amefungwa nchi ya mbali iliyokubali kumpokea. Figo zinamsumbua. Na kuna jambo jingine, mama." Afisa akashusha sauti. "Ameonyesha shimo."

Miaka yote hiyo Kamanda aliapa kwamba hajui shimo lolote walimofukiwa wanaume wale. Sasa amechora ramani kwa mkono wake: nyuma ya tanuri la zamani la matofali, hatua arobaini kutoka kisimani. Ushirikiano wa namna hiyo, afisa alisema, majaji huuhesabu.

Jioni shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuja mbio kutoka gereji, mikono bado ina oili.

"Miaka ishirini alikuwa bubu, leo figo ndizo zimemfungua mdomo! Anauza mifupa ya kaka, shemeji, na wewe umetulia kama umeulizwa bei ya nyanya! Waandikie aozee humo humo."

"Nitaandika."

"Utaandika nini?"

"Sijui. Wewe unataka kaka yako abaki shimoni?"

 Shemeji akajikalia sakafuni, mgongo ukutani.

Mkunga aliandika mistari miwili tu: shimo lifukuliwe kwanza, mengine waamue wenyewe.

Wachimbaji walikaa pale tanurini siku tisa. Siku ya saba ndugu waliitwa kutambua vitu vilivyopangwa juu ya turubai. Shemeji aliuona mkanda wa kaka yake ambao kishikizo chake alikiunga mwenyewe kwa waya, akaangua kilio kama mtoto. Mkunga akamshika mabega vile anavyowashika wanawake wenye uchungu wa kuzaa. "Pumua, shemeji. Taratibu. Pumua." Kinywa kilisema hivyo, lakini kichwani alikuwa anajiuliza kama alizima jiko la kuchemshia vifaa kabla hajatoka kliniki.

Baada ya miezi minne, afisa akapiga simu. Majaji wamempunguzia Kamanda miaka mitatu. Bado ana saba.

"Umeupokeaje uamuzi, mama?"

"Nimeusikia."

"Kuna lolote ungependa niwafikishie?"

Mkunga alifikiri kweli, simu sikioni. "Waambie nimeusikia," akarudia.

Shemeji alipopata habari alitukana mpaka akaishiwa matusi, kisha akauliza mazishi ni lini. Wakakubaliana Jumamosi.

Siku ya Alhamisi Mkunga alikwenda ofisi ya halmashauri kuomba kibali cha kuzika. Karani alikuwa kijana wa watu, mchangamfu, anajaza fomu huku anatafuna kalamu. Jina. Umri. Kazi.

"Hali ya ndoa?"

Katika kila fomu ya miaka ishirini na zaidi, Mkunga alikuwa ameandika kwamba ameolewa. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na cheti cha kifo. Angeandika nini kingine?

"Mjane," akasema.

Karani akaandika bila kuinua kichwa, akamwomba namba ya simu.